Kumwomba mtoto msamaha hakunivunjii heshima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mzazi anayemwomba mtoto mdogo msamaha anajishusha, na kwamba akina mama wa siku hizi tumekosa subira. Kwa maandishi yake namdhania ni mtu mzima kuliko mimi, kwa hiyo namwamkia kwanza: shikamoo. Barua yake nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nikaona kuna mahali amesema kweli. Mara ya tatu ilikuwa saa nane usiku, nanyonyesha, gazeti nimelikunja juu ya goti, na hapo ndipo nilipoamua kwamba lazima nimwandikie.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali. Nina watoto watatu: kifungua mimba wangu ni wa kiume, ana miaka 4 na miezi kadhaa, wa kati ni wa kike, anakaribia miaka 3, na wa mwisho ana miezi 7. Wazazi wakija kuwachukua watoto wao darasani kwangu huniambia, "Mwalimu, wewe Mungu kakujalia subira." Zamani neno hilo lilinifurahisha. Sasa linanichoma, kwa sababu najua ninavyokuwa nyumbani kwangu ikifika saa moja kasorobo asubuhi.

Nieleze asubuhi moja tu.

Usiku wake kichanga alikuwa ameamka mara nne, fizi zinamsumbua. Wa kati amevua soksi kwa mara ya tatu akisema mshono unamuuma kidole. Kifungua mimba amesimama kando ya kitanda anajifunga vifungo vya shati. Kazi hiyo alikuwa ameijua wiki ile ile. Huanza na kifungo cha chini kwa sababu ndicho anachokiona. Hulishika tundu kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, mkono wa kulia unakisukuma kifungo, kifungo kinachungulia nusu, kinarudi. Ulimi ameutoa pembeni ya mdomo. Kikipita anashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, kisha anaanza kingine. Siku hiyo alifika cha tatu, akatazama, akagundua ameruka tundu moja. Akavifungua vyote ili aanze upya.

Nikamwambia, "Lete nikufunge." Akasema, "Mwenyewe." Nikarudia. "Mwenyewe, mama." Hakuwa na ukaidi wowote katika sauti yake, alikuwa ananijulisha tu. Nikamshika shati kwa mbele nikamvuta kwangu, na nikampigia kelele. Maneno niliyomwambia sitayaandika hapa, ila ningemsikia mzazi mwingine anamwambia mtoto wake maneno hayo mlangoni pa darasa langu, ningemwita pembeni. Kifungo kimoja kikakatika, kikaruka, kikagonga sakafu, kikabingirika chini ya kitanda.

Hakulia. Angelia ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia. Aliinua kidevu, akateremsha mikono yote miwili ubavuni, akasimama wima ili nimfunge vizuri. Nilikuwa katikati ya kifungo cha pili nilipong'amua kwamba mwanangu anajua namna ya kusimama mama yake akikasirika. Hilo halijulikani kwa siku moja. Alikuwa amejifunza kutoka kwangu, polepole, kama alivyojifunza vifungo.

Nikambeba mdogo nimnyonyeshe kabla ya kutoka. Uso wangu ulikuwa bado umekakamaa. Yeye akaacha kunyonya, akanitazama, akatabasamu kunichokoza. Sikujibu. Akatabasamu tena, akaniwekea kiganja mdomoni. Chuoni tulifundishwa jaribio la mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, la miaka ya 1970: mama anacheza na mtoto wake mchanga, kisha anaambiwa amtazame kwa dakika chache bila kuonyesha chochote usoni. Mtoto anatabasamu, anatoa sauti, ananyoosha mikono, anafanya kila anachokijua ili mama yake arudi. Akishindwa, anageuka pembeni na kuanza kulia. Nilijibu swali la jaribio hilo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Asubuhi ile nilikuwa nalifanya mimi mwenyewe, nyumbani kwangu, na mtoto aliyewekewa uso mkavu alikuwa wangu.

Siku hiyo hiyo, shuleni, mtoto mmoja alimwaga kopo la maji ya rangi juu ya michoro ya wenzake watano. Nilipiga magoti mbele yake, nikamsemesha kwa sauti ya chini, tukatafuta kitambaa, tukafuta pamoja, nikawabembeleza wale watano waliokuwa wanalia. Mikono yangu ilitulia kabisa. Ndipo nikajiuliza: subira hii ya hapa inatoka wapi, na ile ya nyumbani inaishia wapi? Maana mwanamke ni huyu huyu mmoja, na siku ni hiyo hiyo.

Ndugu yangu msomaji, hapa ndipo tunapoachana. Wewe umeandika kana kwamba subira ni tabia, mtu anayo au hana. Mimi nimeiona ikiwepo na ikitoweka ndani ya saa tatu. Shuleni nina kengele. Kengele ikilia watoto wanatoka nje nami navuta pumzi. Nina mwalimu mwenzangu darasani, nikishindwa na mmoja namtazama tu, anakuja kumchukua. Na kazi ya shule imepangwa kwa kasi ya mtoto: kama kuvaa viatu ni robo saa, ratiba inasema robo saa. Nyumbani hakuna kengele. Nyumbani nilikuwa nimepanga asubuhi kwa kasi yangu mimi, halafu nikawadai watoto watatu waifuate.

Baadaye nilipima kwa saa. Vifungo sita humchukua kifungua mimba wangu dakika nne, akiruka kimoja ni saba. Saba! Nilimvuta shati na kumtukana mwanangu kwa ajili ya dakika saba, na kosa la dakika hizo kukosekana lilikuwa langu niliyepanga asubuhi.

Na kuna usingizi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mwaka 1 hadi 2 saa 11 hadi 14, na kichanga cha miezi 4 hadi 11 saa 12 hadi 16, pamoja na usingizi wa mchana. Watoto wangu wanafikisha, nashukuru, hata yule wa mwisho, maana yeye usingizi wake wa usiku uliokatika huufidia mchana. Mimi mchana nipo darasani. Mtu mzima anashauriwa alale angalau saa 7. Mimi nikiunganisha vipande vyote vya usiku napata nne, nikibahatika tano. Mtu aliyekosa usingizi kinachomponyoka mapema ni ule uwezo wa kujizuia kabla ya kufoka. Naye mtoto wa miaka 4 uwezo huo bado ni mchanga, kwa sababu sehemu ya mbele ya ubongo inayoshika breki za hasira huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20. Basi asubuhi ile tulikuwa wawili tusio na breki. Tofauti ni kwamba mmoja wetu ana nguvu za kukata kifungo.

Sijasema haya ili nijitetee. Usingizi unaeleza nilichofanya, haukihalalishi, na ndiyo maana jioni yake nilimwendea.

Alikuwa amekaa mkekani anapanga vifuniko vya chupa kwa mstari. Nikakaa chini. Nikamwambia, "Asubuhi nilikukosea. Nilikuvuta shati na nikakupigia kelele. Nilikuwa nimechoka na nina haraka. Wewe hukufanya kosa." Hakuinua macho. Akasogeza kifuniko kimoja, akakirudisha. Kisha akaniambia, taratibu sana, "Vidole vyangu ni vibaya, mama."

Hebu msomaji mwenzangu arudie kusoma maneno hayo. Mtoto alikuwa ametoka nyumbani, amecheza, amekula, amerudi, na muda wote huo alikuwa na jibu lake la kwa nini mama yake alikasirika: ana vidole vibaya. Watoto wa umri huu ndivyo walivyo. Bado ni vigumu kwao kuona kwamba mtu mzima ana uchovu wake na mawazo yake. Wakiona hasira, mara nyingi huitafutia sababu ndani yao wenyewe. Kama nisingekaa pale mkekani, hukumu ile ingebaki. Angelala nayo. Na ningemfunga shati siku nyingine mbili tatu kwa haraka zangu, ingekuwa imekamilika: yeye ni mtoto wa vidole vibaya, na mama amethibitisha.

Nilimshika vidole kimoja kimoja, nikamweleza kwamba ni vizuri na kwamba bado vinajifunza. Sasa niambie, ndugu yangu, ni heshima gani niliyoipoteza hapo? Ile ya kusimama wima na mikono ubavuni? Hiyo nimeiona kwa karibu. Ile ni hofu, na siitaki katika nyumba yangu. Mtoto anayeniogopa atanificha mambo, na nikiwa mwalimu nimeona watoto wa miaka 5 ambao tayari wameshajua kuficha.

Nimesema kuna mahali umesema kweli, nisipite bila kukupa haki yako. Uliandika kwamba samahani ya kila siku haina uzito. Ni kweli, na nimeipitia. Mwaka jana, mimba ya huyu wa mwisho ikiwa imenielemea, kilipita kipindi nikawa nafoka asubuhi na kuomba radhi jioni, nafoka asubuhi na kuomba radhi jioni, na samahani zenyewe zilikuwa na mkia: "Samahani, lakini na wewe mbona husikii?" Samahani yenye "lakini" ni shtaka la pili. Ikafika siku nikamwambia samahani, akanijibu "haya" huku anaendelea na mchezo wake, kama mtu anayemwitikia mpita njia. Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Msamaha usiobadilisha kitu kesho yake asubuhi, mtoto huuchoka. Ila dawa yake ni kuibadilisha hiyo asubuhi. Kuacha kuomba msamaha hakutaniponya mimi wala yeye.

Safari hii nilibadilisha. Nilikaa na mume wangu usiku watoto wakiwa wamelala, nikamwambia kilichotokea, hata yale maneno niliyomtamkia mtoto. Nilimwambia kwa aibu. Yeye siku zote alikuwa akisema, "Niambie nikusaidie wapi," na mimi sikuwahi kumweleza kwamba kumwambia nako ni kazi. Kichwa kilichotakiwa kigawe kazi ni kile kile kilichokwisha kuchoka. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, lakini nyumba nyingi mikono ipo miwili na mmoja unasubiri kuagizwa. Sasa wa kati ni wake, tangu anapofungua macho hadi mlangoni: soksi, mshono wa soksi, kilio cha mshono wa soksi. Mimi siingilii hata akitoka na soksi mbili zisizofanana. Wiki ya kwanza kutoingilia kulinishinda, nilisimama mlangoni kama msimamizi wa mtihani, hadi yeye akaniomba niondoke. Nguo tunazitoa usiku. Na usiku wa kuamkia siku za mapumziko ni yeye anayeamka kumtuliza kichanga na kuniletea nimnyonyeshe tu, nikarudi kulala.

Najua si kila mama ana mtu wa kukaa naye usiku na kugawana. Wapo wanaolea peke yao kabisa, na barua ya namna ile uliyoandika huwaangukia wao kwa uzito kuliko inavyoniangukia mimi. Kwa ajili yao, na kwa ajili ya dada yeyote anayenyonyesha usiku huu huku akisoma gazeti kama mimi, naomba niandike jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu isipokuwa muuguzi mmoja.

Kifungua mimba alipokuwa na wiki saba alilia usiku mmoja kwa saa tatu mfululizo. Nilikuwa nimemnyonyesha, nimembadilisha, nimetembea naye chumba kizima. Ghafla nikahisi mikono yangu imemkaza kuliko inavyotakiwa. Nilijiogopa. Nikamlaza chali kitandani kwake, mahali pasipo na mto wala kitu cha kumziba, nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa chini kwenye korido nimeziba masikio. Nilidhani nimemtupa mwanangu. Siku ya kliniki nilimweleza muuguzi huku natetemeka, nikingoja anikaripie. Aliniambia nilifanya sawasawa. Akanieleza kwamba kilio cha watoto wachanga huongezeka tangu wiki ya pili hivi, hufika kilele kwenye mwezi wa pili, kisha hupungua. Kwamba mtoto aliyelazwa mahali salama akalia dakika chache hadhuriki, ila mtoto aliyetikiswa anaweza kuumia ubongo au kufa. "Ukiona mikono inakaza, mlaze, toka, pumua, rudi," aliniambia. Maneno manne. Nimeyatumia kwa watoto wote watatu, na kwa hawa wakubwa huwa nawaambia wazi: mama anatoka nje kidogo, anarudi sasa hivi. Na narudi.

Muuguzi yule aliniuliza pia kama nalala pale mtoto anapolala, kama nalia bila sababu, kama kuna siku namtazama mtoto nisihisi kitu. Sikuelewa wakati ule kwa nini anauliza. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na katika nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20. Wengine sonona hiyo huwatokea kama hasira, hawatoi hata chozi. Mama wa namna hiyo akiambiwa "kuwa na subira" ni sawa na kumwambia mwenye homa apoe. Aende kituo cha afya, aseme yote, hata lile linalomtia aibu.

Msomaji mwenzangu, sikuandika ili nikushinde. Nimeandika kwa sababu uliuliza mwishoni mwa barua yako mtoto atajifunza nini akimwona mzazi wake anaomba msamaha. Kwa huyu wangu, nakujibu. Juzi alimsukuma mdogo wake kwenye kochi, yule akaanguka akalia. Nikiwa bado nafikiria nianze na nani, alimwendea, akachuchumaa, akamwambia, "Nilikukosea. Nilikusukuma. Wewe hukufanya kosa." Maneno yangu, kwa mpangilio wangu, bila "lakini".

Kile kifungo cha shati tulikipata usiku wa siku ile ile kilipokatika. Yeye alishika tochi, mimi nikalala kifudifudi nikaingiza mkono chini ya kitanda. Nilikishona kwa uzi mweupe kwenye shati la buluu, kwa kuwa ndio uliokuwepo, na sasa anakijua kwa uzi wake. Kila asubuhi akikifikia hukigusa kwanza. Leo asubuhi nilikaa sakafuni mbele yake, nikaiweka mikono yangu chini ya mapaja ili isimfikie. Aliruka tundu moja. Akafungua vyote. Akaanza tena na cha chini, ulimi nje. Zilipita dakika sita. Alipofika cha juu kabisa, kile cha chini ya kidevu ambacho hawezi kukiona, akanisogelea, akasema, "Hiki nifungie wewe, mama."

Mwalimu, mama wa watoto watatu